Benchi la nyuma sasa lina egemeo

Msumeno unanyamaza. Fundi anapuliza unga wa mbao, anafumba jicho moja, anautazama ubao kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha, kisha anauweka chini. Haugusi tena.

Jirani yake wa karakana, mchomeleaji wa mageti, anavua miwani yake myeusi na kucheka. "Mwandishi, andika hilo," anasema. "Zamani huo ubao angeupiga msasa mpaka ubaki kijiti cha meno."

Ndiyo asili ya jina. Mtaa mzima unamwita Msasa, na ukimuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake utazungushwa mpaka viatu viishe soli. Ni seremala mwenye umri wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mwenye mikono mipana. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakina ncha. Msumeno wa umeme uliondoka nayo, na yeye husema waligawana.

Leo ni Jumamosi, na Msasa ana kesi. Kesho ibada ikianza, wazee wa kanisa lake wanataka kulikuta benchi la mwisho likiwa kama lilivyokuwa zamani, yaani bila egemeo, bila pa kupumzishia mgongo. Wasipolikuta hivyo, Msasa atatengwa, na mjukuu wake wa miezi miwili hatapelekwa mbele kubarikiwa.

Jibu amekwisha kulitoa. "Siliondoi," anasema, na kuchukua ubao mwingine.

Mabenchi yote ya kanisa hilo ni kazi ya mikono yake, na yote yana maegemeo mazuri, yamelala kidogo kwa nyuma ili mtu asikilize mahubiri marefu bila kumchukia mhubiri. Lililobaki ni lile la mwisho, karibu na mlango, ambapo upepo wa nje unaingia na sauti ya mchungaji inafika imechoka. Hilo lilikuwa ubao na miguu tu.

Ni benchi la waliorudi. Aliyetengwa kwa kosa akatubu, hukalishwa pale mpaka baraza la wazee liridhike. Siku ikifika anasimamishwa mbele ya watu, anapewa mkono, inatangazwa kwamba amerudi kundini. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua mwaka.

Kwa nini halikuwa na egemeo? "Niliagizwa," Msasa anasema. "Shemeji aliniambia, anayekaa pale asijisahau. Nikalichonga hivyo hivyo, tena kwa moyo wote. Na wa kwanza kulikalia nilikuwa mimi."

Shemeji huyo ni kaka mkubwa wa mke wake, muuza vitambaa vya mapazia, na ndiye mwenyekiti wa baraza la wazee. Kati yao kuna jambo ambalo kila mtu mtaani analijua na hakuna anayelitaja mbele yao. Msasa alilitaja mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa ameshika penseli.

Wakati huo alikuwa mlevi wa kutupwa. Baba mkwe wake alipofariki, alisimama mbele ya ukoo na kusema mzee hatalala kwenye jeneza la dukani. Jeneza atalichonga yeye, mkwe wake, kwa mbao alizozitunza. Watu wakamsifu. Akapewa siku mbili.

Asubuhi ya mazishi walikuja kulichukua. Wakamkuta amelala juu ya maranda, chupa iko pembeni, na mbao zimeegemezwa ukutani hazijakatwa hata moja.

Jeneza likanunuliwa mbio mbio dukani. Lilikuwa fupi, na marehemu alikuwa mtu mrefu. Ilibidi magoti yake yakunjwe, na aliyeyakunja ni mwanawe mkubwa, huyo huyo muuza mapazia.

"Sikuona kwa macho, nilikuwa nakoroma," Msasa anasema. "Lakini nimeyaona yale magoti kila siku ya maisha yangu."

Aliacha pombe wiki ile ile na hajaigusa tena. Mtu mwingine angeishia hapo akamshukuru Mungu. Msasa akaanza kulipa.

Alichonga mabenchi ya kanisa bure. Akachonga mimbari, milango, madirisha na kabati la vitabu. Akafiwa mshirika yeyote, jeneza lilitoka kwa Msasa bila malipo, na kabla ya maiti kuwekwa alilala mwenyewe ndani kuhakikisha ni refu. Katika kila kazi tano, mbili zilikuwa za bure. Kitanda kimoja humwachia faida ya kulisha nyumba wiki mbili. Hesabu ya vitanda ambavyo hakuvichonga kwa sababu yuko kanisani anatengeneza komeo la choo, mkewe anaijua kwa tumbo.

Na msasa. Alisugua mabenchi juu, akasugua pembeni, akasugua chini, pale ambapo hakuna jicho linalofika isipokuwa la mtoto mtoro wa ibada.

Mtoto huyo alikuwepo, ni kitinda mimba wake, ambaye leo ni msusi mwenye kiti chake kwenye saluni ya jirani. "Nilikuwa najificha chini ya mabenchi mahubiri yakirefuka," anakumbuka. "Napapasa kwa chini, laini kama bakuli. Nilidhani mabenchi yote duniani yako hivyo. Nilipokwenda shule nikachomwa na kibanzi, nikalia siku nzima. Nilidhani fundi wao amekosea."

Mke wa Msasa anasikiliza haya akiwa mlangoni, anachambua mchele kwenye ungo. Ni mwanamke wa maneno machache na kila moja lina uzito wake. "Mwanangu," ananiambia, "nimeishi na mtu anayekaa ncha ya kiti. Anachonga makochi ya watu, yeye anakaa kwenye debe. Ukimwambia pumzika, anakuangalia kama umemtukana."

Mumewe alisharudishwa kundini. Alipewa mkono mbele ya watu, shemeji yake akiwa wa kwanza kuutoa. Lakini hata akiwa mstari wa katikati alikaa wima, mgongo hauligusi egemeo alilolichonga yeye mwenyewe. Meza ya Bwana ikiandaliwa alikuwa wa mwisho kusogea, na mara nyingi hakusogea kabisa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka yeye mwenyewe alale kwenye mbao, kama bintiye huyo msusi asingepata mimba.

Bintiye hajaolewa. Kijana aliyempa mimba anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Aliitwa na wazee, akakana, na neno lake likapokelewa. Anaendelea kuimba, na wanaomjua wanasema sauti imenona. Msichana hakukana kwa sababu tumbo halikanushiki. Akatengwa, akatubu, akapelekwa benchi la nyuma.

Alilikalia mimba ikiwa changa, akalikalia ikiwa kubwa. Yeyote aliyebeba mimba au kuishi na aliyeibeba anajua mgongo unavyokuwa mwezi wa nane. Ibada ya kanisa lile si fupi. Baba alikuwa anakaa mbele yake mistari saba, anasikia mwanawe akihema.

Jumapili moja walirudi nyumbani, msichana akajilaza sakafuni kwenye saruji baridi. Msasa akachukua kitambaa cha maji moto akamkanda kiuno. Ndipo alipoulizwa swali ambalo, kwa maneno yake, lilimpiga kuliko msumeno.

"Baba, wewe ulikaa pale muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Halafu wakakuinua."

"Wakaniinua."

"Mbona bado umekaa?"

Msasa anaweka penseli nyuma ya sikio. Macho yamemjaa na hajali kwamba nayaona. "Nilitaka kumkemea," anasema. "Mtoto haongei na baba yake hivyo. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilimwona yeye akianza njia ile ile. Atafagia kanisa, ataosha vikombe, atapika kwenye kila msiba, atazeeka anaomba radhi. Na mwanawe atazaliwa anadaiwa."

Usiku ule hakulala, na asubuhi hakufungua karakana, jambo ambalo mchomeleaji anasema lilimfanya adhani kuna msiba. Alikaa na Biblia yake, ile ile aliyoisoma miaka yote akitafuta alichobakiza kufanya. Safari hii, anasema, aliisoma akitafuta kilichokwisha kufanywa.

"Sikiliza," ananiambia, na sasa sauti si ya mtu anayelia. "Bwana Yesu alikuwa seremala. Si ndiyo? Mimi namjua seremala. Seremala akisema kazi imekwisha, imekwisha; unachukua kitanda unakwenda kulala. Pale msalabani aliimaliza kazi. Hakuniachia mimi nipige msasa."

Anapiga ubao kwa kiganja. "Mimi nilikuwa nasugua kazi ya Fundi mwingine. Hilo ni tusi. Mtu akija hapa akachukua meza yangu iliyokwisha akaanza kuisugua, nitamuuliza, kwani umeona nini?"

Alichofanya baadaye hakukifanya kwa siri. Alimketisha bintiye kwenye debe, akampima mgongo kwa uzi, kutoka kiunoni mpaka begani. Akakata mbao mbili ngumu na nguzo tatu. Siku ya Alhamisi, mchana kweupe, milango ya kanisa ikiwa wazi kwa sababu funguo za matengenezo huwa anazo yeye, akaliwekea benchi la nyuma egemeo.

Jumapili iliyofuata msichana aliingia, akakaa, akasogea nyuma kwa mazoea ya tahadhari, akakutana na ubao. Anasema alishtuka, akageuka kutazama, akamwona baba yake kule mbele. Baba yake alikuwa ameegemea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo, na alilia mpaka mahubiri yakaisha.

Hapo baraza lingeweza kuchukua hatua mara moja, na huenda kesi ingekwisha. Lakini baraza ni baraza. Lilikutana, likaahirisha, likakutana tena. Wakati huo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Kuna bibi mmoja mjane, amekula chumvi nyingi, anaumwa mgongo, na mlango wa nyuma ndio ulio karibu na njia yake. Miaka yote alilipita benchi lile kama mtu anayepita makaburini. Siku moja alifika amechoka, akaona lina egemeo, akaketi kando ya msichana mjamzito. Akaegemea. Wanaosimulia wanasema alitoa "aah" iliyosikika mpaka kwaya.

Jumapili iliyofuata alikuja na mwenzake. Akafuata baba mmoja mwenye nyonga mbovu. Akafuata mama mwenye watoto mapacha anayetaka kuwa karibu na mlango. Mwisho akaja mke wa mwenyekiti wa baraza mwenyewe, ambaye mguu wake huvimba, na alipoulizwa na mumewe nyumbani alijibu kwamba pale kuna hewa.

"Sasa mgeni akiingia hajui mwenye dhambi ni yupi," Msasa anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka mpaka meno ya nyuma. "Hata wazee wenyewe wameanza kuchanganya."

Hapo ndipo amri ilipotoka. Mchungaji, aliyepigiwa simu na mwandishi wa habari hizi, alisema suala lipo mbele ya baraza, kisha mtandao ukakatika. Alipopigiwa tena, mtandao ulikuwa bado umekatika.

Mwenyekiti hakukimbia simu. Alinipokea dukani kwake katikati ya mapazia, akanipa kiti, akasema maneno ambayo haki inataka yaandikwe. "Mimi si mtu mbaya. Lile benchi ndilo lililomtoa shemeji yangu kwenye pombe. Angekuwa kaburini leo. Sasa amepona, anataka kuvunja hospitali. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Nilimpelekea Msasa maneno hayo. "Nilipoacha pombe benchi halikuwepo," alisema. "Nililichonga mimi, nikiwa nimekaa miezi bila kuonja tone. Kilichonitoa kwenye pombe ni kwamba Mungu aliniamsha kwenye maranda nikiwa bado nanuka. Aliniita nikiwa hivyo. Hakuningoja nioge."

Wapo wanaosema amepata kisingizio cha uvivu. Neno hilo linamkera kuliko yote. Bado anachonga majeneza ya bure kwa wasio na kitu, na wiki hii ametengeneza dirisha la shule ya Jumapili. "Mtoto wa nyumbani akifagia, anafagia kwa sababu ni kwao," anasema. "Mtumwa anafagia ili asifukuzwe. Ufagio ni mmoja, uwanja ni mmoja. Nilifagia kitumwa kwa miaka, mwandishi, na nilikuwa kwetu. Waniite mlevi wa zamani, waniite mtu wa benchi la nyuma, hayo ni majina yao. Mimi ni mtoto wa nyumbani na binti yangu ni mtoto wa nyumbani."

Tukiwa katika mazungumzo hayo, mwenyekiti alitokea. Alikuja kwa miguu, peke yake, amevaa koti. Mchomeleaji akazima mashine yake na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Karibu, shemeji. Kaa," Msasa alisema, akimsogezea kiti.

"Sikai. Nimekuja kukuuliza kwa mara ya mwisho. Utaliondoa?"

"Siliondoi."

"Unanidhalilisha mbele ya watu, shemeji. Kwa mara ya pili."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake, mchele hauchambuliwi tena. Mara ya kwanza ilikuwa nini, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Msasa alikung'uta mikono. "Jeneza la baba siwezi kulilipa," alisema polepole. "Nilijaribu, shemeji. Lile kanisa zima unaloliona, nilikuwa najaribu kurefusha lile jeneza. Halirefuki. Nikichonga mpaka nife, magoti ya mzee hayatanyooka."

Mwenyekiti alitazama pembeni.

"Nilikuomba radhi, ukanipa mkono mbele ya watu wote," Msasa aliendelea. "Ama ulinisamehe, ama hukunisamehe. Kama ulinisamehe, mwache mwanangu aegemee. Kama hukunisamehe, hilo ni langu na lako. Usimkalishe yeye juu yake."

Muuza mapazia alifunga kifungo cha koti lake, akakifungua. Nilidhani atasema kitu kingine, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Kisha alisema, "Kesho nikilikuta, nitaling'oa kwa mkono wangu."

Msasa alichukua bisibisi mezani, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Hii hapa. Ila nisikufiche, haitakusaidia. Hakuna skrubu wala msumari. Kila ubao nimeuchongea ulimi nikauingiza kwenye tundu, nikatia gundi. Limekuwa kitu kimoja. Ukitaka kuling'oa, utavunja benchi lote."

Mwenyekiti aliipokea bisibisi, akaitazama kama mtu aliyepewa risiti ya kitu asichonunua, na akaondoka nayo. Dada yake alimwita, "Kaka, subiri angalau uji." Hakugeuka. Lakini alipofika kona alipunguza mwendo, na mke wa Msasa, anayeijua ile migongo ya ukoo wao, alisema taratibu, "Atakuja kesho. Sijui atakuja na nini, ila atakuja."

Mpango wa Msasa kwa kesho ni mfupi. Atavaa shati lake la kijani ambalo mkewe amekwisha kulipiga pasi. Atambeba mjukuu. Ataingia kwa mlango wa nyuma pamoja na bintiye, na wote watatu watakaa benchi la mwisho, wakipata nafasi. Bibi mjane huwahi. Wakati wa kubariki watoto ukifika, atasimama na kumpeleka mtoto mbele, aitwe asiitwe.

"Wakikuzuia?"

"Nitasimama pale pale mbele. Nina miguu mizuri."

Bintiye ametoka saluni na kuja kumnyonyesha mtoto. Amekaa kwenye kiti ambacho baba yake alijichongea mwezi uliopita, cha kwanza kujichongea maishani, chenye mikono mipana ya kupumzishia viwiko. Nikipapasa chini yake naona hajapapiga msasa. Kibanzi kinanidunga. Namwonyesha Msasa.

"Huko chini hakuna anayekaa," anasema.

Namuuliza swali la mwisho, lile ambalo mtaa mzima unaliuliza chini chini. Kama baraza halitarudi nyuma, kama kesho jina lake litasomwa na yeye akatengwa mbele ya watu wote, kwa uzee huu, atafanya nini?

Msasa anamtazama mjukuu, aliyesinzia na maziwa mdomoni, bila kufanya kazi yoyote kustahili maziwa hayo.

"Watanitenga," anasema. "Halafu watanikalisha wapi? Si benchi la nyuma?"

Anavuta debe lake la zamani, analiegemeza ukutani, anakaa, na mgongo wake unaenda nyuma mpaka unakutana na ukuta.